Wino Mwekundu wa Ijumaa

Daftari lenyewe ninalo mimi. Mama mwenye mtoto hakulitaka tena, waliliacha mezani kwangu kama wanaorudisha sahani ya jirani, nikalitia kwenye droo pamoja na rejista na boksi la chaki. Ni daftari la kawaida, limefunikwa kwa gazeti la zamani. Kila ukurasa una mwandiko wa mtoto juu, mistari yangu ya wino mwekundu chini yake, na chini kabisa muhuri wa bluu: IMEPOKELEWA. Kurasa kumi na saba zina ujumbe mmoja, kwamba mtoto huyu hasikii vizuri na apelekwe hospitali upesi. Zote zimegongwa muhuri. Nimezihesabu mara nyingi, na kila nikimaliza najichukia upya.

Nafundisha darasa la tano katika shule ya msingi ya serikali hapa Kariakoo. Darasa langu liko juu, na hata tukifunga madirisha bado tunasikia spika za wauza nguo zikitangaza bei tangu asubuhi hadi kengele ya kwenda nyumbani. Mwalimu mgeni akija huwa anauliza tunafundishaje. Tunapiga kelele, ndivyo tunavyofundisha. Hapa kila mtu anapiga kelele: muuza maji, mbeba mzigo anayeomba njia, mama anayemwita mwanawe aliye hatua mbili kutoka kwake. Jambo hilo lilikuja kuwa na uzito mkubwa baadaye, lakini wakati huo lilikuwa kero tu.

Darasa la tano lina balaa lake. Darasa la nne wana mtihani wa taifa, kwa hiyo wazazi wa la nne unawajua kwa sura. Wanakuja, wanauliza, wanahangaika na tuisheni. Mtoto akishavuka, wazazi wanashusha pumzi, hawaonekani tena mpaka mtihani wa mwisho ukaribie. Wa la tano yuko katikati, hana mwenyewe. Mwaka ule nilikuwa na watoto themanini na wawili, na mpaka mwezi wa pili unaanza nilikuwa nimeonana na wazazi wanane. Mimi si mtu wa kunyamaza. Nikasema hawa watajua watoto wao wanasoma nini, wapende wasipende.

Nikaanza na grupu la wazazi kwenye simu. Wiki ya kwanza ilikuwa na adabu. Niliandika kwamba tunaanza sehemu na desimali, na kwamba Jumatano kila mtoto aje na mmea mdogo kwenye kopo kwa ajili ya Sayansi. Wazazi wakajibu kwa picha za vidole gumba. Kabla hata ya hiyo Jumatano baba mmoja akatuma picha za viatu vya mtumba, daraja la kwanza. Mama mwingine akauliza kama namba arobaini ipo. Tangu hapo grupu likawa tawi la soko: madera, majiko ya gesi, dua, na sauti ya dakika tano ya mtu asiyejulikana akieleza dawa ya vidonda vya tumbo. Ujumbe wangu ukazama huko chini. Jumatano ikafika, watoto wanne wakaleta mmea. Wa tano alileta ua la plastiki kutoka dukani kwao, akaliweka dirishani pamoja na mengine na kulimwagilia maji. Nikalifunga grupu siku hiyohiyo.

Ndipo nikaja na daftari la Ijumaa. Kipindi cha mwisho, kabla watoto hawajatoka kwenda swala, nilikuwa naandika ubaoni: wiki hii tumejifunza nini, wiki ijayo tutafanya nini, mtoto aje na nini. Watoto wananakili. Kisha wanapanga foleni mezani kwangu, na chini ya maandishi yao naongeza mstari mmoja au miwili unaomhusu mtoto huyo peke yake, kwa wino mwekundu ili mzazi asije akasema hakuuona. Daftari linakwenda nyumbani, mzazi anasoma na kutia sahihi, Jumatatu linarudi. Vidole vyangu vilikuwa vinakufa ganzi kwenye daftari la hamsini, lakini nilikuwa na furaha. Nilijiona mwalimu kwelikweli.

Sahihi zilizorudi zilikuwa vituko. Kuna baba aliyekuwa na sahihi ya maua na mikia mirefu iliyofunika mpaka maandishi ya mwanawe. Kuna sahihi iliyofanana mno na mwandiko wa mtoto, na nilipomuuliza akasema baba yake ndiye aliyejifunza kuandika kutoka kwake. Bibi mmoja aliweka dole gumba kwa wino wa kalamu, akachafua kurasa tatu. Na kuna binti mmoja ambaye daftari lake lilirudi na muhuri.

Binti huyo alikuwa mpole, mwembamba, anakaa kiti cha nyuma karibu na dirisha. Mama yake alikuwa na fremu, chumba kimoja cha duka, akiuza vitenge vya jumla, mtaa wa tatu kutoka shuleni. Marobota yakitoka bandarini yanaletwa kwa mkokoteni mpaka mlangoni, na karatasi ya mzigo haiachiliwi mpaka mama agonge muhuri wake. Muhuri huohuo ndio aliougonga kwenye daftari, umenyooka, wino umeshika sawasawa. Mimi ulinipendeza mno. Nilisema huyu ndiye mzazi, huyu anaichukulia shule kama anavyoichukulia kazi yake. Nikaliinua daftari mbele ya darasa zima, nikawaambia wenzake waone. Yeye aliniangalia mdomo tu, kwa makini, wala hakutabasamu.

Kumwangalia mtu mdomo ilikuwa tabia yake, nami niliichukulia kuwa utovu wa adabu. Nilikuwa na kesi naye tangu mwezi wa pili. Akinakili ubaoni hakosi hata nukta. Nikisoma imla, anaandika mambo ambayo hayapo: nasema "mkulima alivuna mahindi", yeye anaandika neno la kwanza, anaruka, anachungulia kwa mwenzake, anaandika la mwisho. Nikimwita hajibu. Nikamwita mkaidi. Siku moja nilimwita mara nne kwa sauti yangu yote, ananitazama tu, nikapandwa na hasira, nikamfuata mpaka kwenye dawati lake, nikamwinamia usoni. Niliyomwambia nayakumbuka neno kwa neno. "Kama hayo masikio yamekufa, kuna shule ya wasiosikia. Unalala hukohuko, mama yako unamwona likizo. Unataka nikupeleke?" Darasa lilicheka sana. Nikamsimamisha mpaka kengele.

Mwezi wa nne ndipo akili ilinirudi. Alikuwa bombani ananawa mikono, amenipa mgongo, na mwenzake akamwaga ndoo ya maji sakafuni nyuma yake kwa kishindo kilichotugeuza sote. Yeye hakugeuka. Nikasogea, nikaita jina lake kwa nyuma. Kimya. Nikaliita tena nikiwa upande wake wa kulia, karibu kabisa, akashtuka. Kwenye sikio la kushoto alikuwa na pamba iliyoloa, na nilipoitoa ilikuwa na usaha na harufu. Nikamuuliza, nikiwa nimemtazama uso kwa uso, inauma? Akasema inauma ikifika jioni. Nyumbani wanamtia matone waliyonunua duka la dawa, inakauka, inarudi.

Siku hiyohiyo nilimhamishia kiti cha mbele. Ijumaa ikafika, nikaandika kwa wino mwekundu, kwa herufi kubwa kuliko kawaida yangu: "Mtoto hasikii vizuri, hasa sikio la kushoto, na linatoa usaha. Tafadhali apelekwe hospitali haraka, asitibiwe nyumbani." Jumatatu daftari likarudi. IMEPOKELEWA. Nikashukuru, nikasubiri.

Wiki ya pili sikuona badiliko, nikaandika tena. Muhuri. Wiki ya tatu nikaongeza kwamba sikio la kulia nalo linaelekea hukohuko. Muhuri. Nikamtuma na barua ya wito kwenye bahasha, mama afike shuleni. Mtoto akarudi na jibu la mdomo kwamba mama amesafiri kufuata mzigo. Namba ya simu iliyokuwa kwenye rejista ilikuwa haipatikani, ya zamani. Nikaandika tena Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata, mpaka maneno yangu yakaanza kuwa makali. "Mama, hii ni mara ya tisa." "Mama, huyu ni mtoto wako au wa jirani?" Na chini yake muhuri, umenyooka, wino umeshika sawasawa.

Nilianza kumchukia yule mama kwa dhati. Ofisini nilikuwa nikipiga domo na walimu wenzangu kwamba hawa wafanyabiashara wa Kariakoo robota likichelewa wanalia, mtoto akiharibika wanagonga muhuri. Walikuwa wanacheka, nami nikinogesha. Kuna jambo moja lilipaswa kunishangaza na halikunishangaza. Kila nilichokiagiza ubaoni binti yule alikuja nacho. Nikisema maharage ya kuotesha, anayo. Nikisema karatasi ya manila, kamba ya mita moja, chupa tupu, anavyo, tena vya akiba kwa wenzake. Mama aliyesoma kuhusu maharage alishindwaje kusoma kuhusu sikio? Swali hilo lilikuwa mbele yangu kila Jumatatu, mimi nikawa nazidisha ukali wa kalamu.

Na fremu ilikuwa mtaa wa tatu. Sina la kujitetea hapo. Nilikuwa napita karibu na kona ile kila siku nikienda zangu Ilala ninakoishi. Ningeweza kukata kushoto, nikaingia, nikasema, "Dada, mwanao haskii." Sikwenda kwa sababu ya kiburi. Nilishaandika, alishapokea, sasa nimfuate kumbembeleza? Nilijiambia mwalimu hatembezi habari mitaani kama muuza karanga. Nilikuwa na ushahidi wa kimaandishi, na ule ushahidi ulinitosha.

Katikati ya mwaka walikuja wageni wa kukagua shule. Mwalimu mkuu alikuwa ameshapata habari za daftari la Ijumaa na alilipenda, akaniambia nimpe moja la kuwaonyesha. Akachagua mwenyewe lile la muhuri. Nililiona likipita mkono kwa mkono mezani, wageni wanne, kila mmoja anafunua kurasa, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mmoja alisema huu ndio ushirikishwaji wa wazazi. Akapiga picha ukurasa mmoja. Kwenye ukurasa ule wino mwekundu ulikuwa unasema masikio ya mtoto yanaziba. Nilikuwa nimesimama palepale, na wao wakasifu muhuri, na mimi nikasema asante.

Mwezi wa tisa binti hakuja shule wiki nzima. Jumanne ya wiki ya pili, saa nne asubuhi, nikiwa ofisini nasahihisha, mlangoni akasimama mwanamke wa kama miaka thelathini, amevaa dera na mtandio, amemshika binti yule mkono. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimefungwa bandeji kuzunguka sikio la kushoto.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Nilikuwa sijawahi kumwona, lakini nilimjua papo hapo. Alikuwa na karatasi za hospitali mkononi. Alisema mtoto alivimba nyuma ya sikio, homa ikampanda, wakakimbizwa, wakampasua kutoa usaha. Alikuwa anaongea kwa sauti ya juu, sauti ya sokoni, ingawa chumba kilikuwa na watu watatu tu.

"Sasa daktari kaniuliza, shuleni hawakuona? Mtoto haskii miezi yote hii, mwalimu wake hakuona? Nikamwambia mwalimu wake ananiandikia kila wiki. Hajawahi kusema kitu kama hicho. Kwa nini hukuniambia, mwalimu?"

Damu ilinipanda mpaka machoni. Nilikuwa nimemsubiri huyu mwanamke miezi mitano. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wa mtoto, nikalichomoa mwenyewe, nikalifungua mezani, nikaanza kufunua kwa kidole.

"Sikukuambia? Hii nini? Na hii? Na hii? Muhuri wa nani huu?"

"Wangu."

"Umegonga mwenyewe?"

"Nagonga mwenyewe, mwalimu. Simwachii mtu."

"Basi usiniambie sikukuambia."

Akaweka kidole juu ya maandishi yangu, taratibu, kama anayegusa kitu cha moto.

"Hii nyekundu inasema nini?"

Nilidhani ananikejeli. Nilifungua mdomo nimjibu vibaya, kisha nikaona uso wake.

"Naomba unisomee, mwalimu."

Nikasoma. "Mtoto hasikii vizuri, hasa sikio la kushoto, na linatoa usaha. Tafadhali apelekwe hospitali haraka." Akafunua ukurasa. "Na hii?" Nikasoma. Akafunua. "Na hii?" Nilisoma mpaka ule niliouliza kama mtoto ni wake au wa jirani, nikanyamaza katikati. Akasema endelea. Nikaendelea. Alipofika wa kumi au wa kumi na moja aliacha kufunua, akakaa kwenye benchi.

"Mimi shule niliishia la pili," alisema. "Namba nazijua. Mzigo naujua kwa alama na rangi. Maandishi ananisomea yeye." Alimwonyesha mtoto kwa kidevu. "Kila Ijumaa naacha wateja, tunakaa juu ya robota, ananisomea daftari lote. Sehemu, desimali, sijui maharage yanaotaje, yote nayajua. Nilimuuliza nyekundu ni ya nini. Akasema mwalimu anasahihisha mwandiko. Si ndiyo rangi yenu ya kusahihishia? Nikasema sawa. Nikagonga."

Katika wazazi themanini na wawili, huyu ndiye aliyekuwa akikaa chini kila Ijumaa na kusikiliza neno kwa neno. Wengine walitia sahihi wamesimama. Nami nilikuwa nimemtukana kwa maandishi miezi mitano, nikampa mwanawe ambebee matusi hayo.

Nilimuuliza kama nyumbani hawakuona kwamba hasikii. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Sisi tunashinda sokoni, mwalimu. Kila mtu tunampigia kelele. Nikimwita asiposikia naita tena kwa nguvu. Mbona hata mimi nikiitwa siskii?" Kisha akamgeuza mtoto kwa kidevu, wakatazamana. Alisema polepole, akiumba kila neno kwa midomo. "Kwa nini hukunisomea nyekundu?"

Mtoto hakumwangalia mama yake. Aliniangalia mimi.

"Mwalimu alisema kuna shule ya wasioskia," alisema. "Ya kulala hukohuko."

Ile siku ya mwezi wa pili ikanirudia yote, dawati, kicheko cha darasa, uso wake chini ya uso wangu, nami nikiumba maneno vizuri kwa hasira ili yamwingie. Ndiyo maana aliyasikia. Katika yote niliyosema mwaka ule kwa sauti ya kawaida, hilo nilimsogezea karibu kabisa, na akalishika. Mtoto wa miaka kumi na moja akakaa juu ya robota kila Ijumaa, sikio linamuuma, anasoma desimali na maharage kwa sauti, akifika kwenye nyekundu anafunga mdomo, asije akatenganishwa na mama yake. Na barua ya wito alikuwa ameichana, alikuja kuniambia baadaye.

Mama alinigeukia. Nilitamani apige kelele. Mtu mwenye sauti ile angeweza kuwaita walimu wote kutoka madarasani, angenivua nguo mbele ya shule nzima, na ningeona nafuu. Alisema tu, "Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia."

Akakusanya karatasi zake, moja moja, akazikunja. Akamshika mtoto mkono wakaondoka. Daftari waliliacha wazi mezani.

Siku ya kurudi kliniki nilikwenda nao. Hakuniomba, na hakunikataza. Daktari alikuwa binti mdogo tu, angeweza kuwa mwanangu, mpole, amechoka. Alichora sikio nyuma ya karatasi ili mama aelewe. Akaonyesha ngoma ya sikio ilipotoboka, na vifupa vidogo vya ndani vilivyoliwa na usaha. Upasuaji ulisimamisha ugonjwa, alisema, lakini haurudishi kilicholiwa. La kushoto limekwisha. La kulia limebaki na kidogo, watalitunza, na ataandikiwa kifaa cha kusikia, kitamsaidia kiasi. Mama aliuliza kiasi gani. Daktari akasema, "Mngekuja mwezi wa nne au wa tano, mama, tungekuwa tunaongea mengine." Hakuwa anamlaumu mtu, alikuwa anaeleza. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yao, na mwezi wa nne ulikuwa mkobani mwangu, ukurasa wa tisa wa lile daftari.

Nilimwambia mwalimu mkuu kila kitu, pamoja na yale niliyosema darasani. Alisikiliza, akapangusa miwani. Akasema ni bahati mbaya, na kwamba kwa upande wa shule kumbukumbu ziko vizuri, tuliandika, mzazi alipokea. Alinishauri nisiliongee sana. Wiki mbili baadaye likatoka agizo kwamba daftari la Ijumaa lianze shule nzima, tangu darasa la kwanza. Wenzangu walinipongeza, wengine wakaninunia kwa kuwaongezea kazi. Niliomba niachishwe darasa, akasema hakuna mwalimu wa kuziba nafasi. Nikarudi kufundisha, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda, na kwa kuwa watoto themanini na wawili walikuwa wamekaa wananisubiri.

Sasa Ijumaa naandika ubaoni kama zamani. Jumamosi asubuhi natembea. Nimeshazijua fremu za wazazi karibu wote, kuanzia hapa mpaka Mchafukoge, nimegundua wazazi kumi na wanane wasiosoma, na wengine wanaosoma Kigujarati vizuri lakini mwandiko wa Kiswahili wa mtoto unawashinda. Nakaa kwenye viti vya plastiki, nasoma kwa mdomo. Watu wananisifu kwa hili pia. Nikisikia sifa hizo moyo unanyong'onyea, kwa sababu najua safari hizi ni za nani na zimechelewa kiasi gani.

Fremu ya vitenge siendi, kwa sababu mama huyo huja mwenyewe. Kila Ijumaa kengele ikilia anakuwa ameshafunga duka, amesimama kwenye ngazi, muhuri ndani ya pochi. Hajawahi kunitukana. Hajawahi kunisamehe pia, sijamwomba, sijui ningeanzia wapi. Anaingia, anakaa benchi la mbele kando ya mwanawe, mtoto akiwa na kale kakifaa kake nyuma ya sikio la kulia, macho kwenye midomo yangu. Mimi nasimama mbele yao, nasoma daftari jipya polepole, naumba kila neno. Wiki hii tumejifunza asilimia. Wiki ijayo tutapima uwanja kwa hatua, mtoto aje na kamba.

Nikimaliza, mama anauliza.

"Na nyekundu?"

"Leo hakuna nyekundu."

Anachungulia ukurasa mwenyewe, mpaka chini, ahakikishe. Kisha anafungua kidau cha wino, anagonga muhuri wake, na wanaondoka. Ijumaa ijayo atauliza tena, na nitamjibu vilevile.